Wanaojifunzia Hewani: Staji na Uandishi wa Habari Butembo na Beni

Kila mwaka, masomo ya darasani yanapokaribia kwisha katika vyuo vikuu vya Butembo, barua huanza kuzunguka mjini. Ni karatasi moja yenye muhuri wa chuo na sahihi ya mkuu wa kitivo, inayomwomba mkurugenzi wa redio ampokee mwanafunzi kwa staji, yaani mafunzo ya kazini, ya majuma kadhaa. Mwenye barua huipeleka mwenyewe. Akiambiwa redio ya kwanza kwamba nafasi zimejaa, hupanda pikipiki hadi ya pili, na nauli ya motari inatoka mfukoni mwake. Akipokelewa hupewa kiti, kama kipo, na tangu siku hiyo anaitwa stajieri: si mwajiriwa, si mgeni, na hutakiwa kufika kabla ya wote na kuondoka baada ya wote.

Makala haya yanamhusu huyo. Katika miji ya Butembo na Beni mwandishi wa habari hufinyangwa na staji kuliko darasa, na kwa njia hiyo miji hii imepata waandishi wanaosikilizwa mbali. Njia hiyo ni ya thamani. Ila namna tunavyoiendesha inaniuma, kwa sababu tunamtumikisha kijana kama mfanyakazi kisha tunamlinda kama mpita njia.

Kwanza tuelewe kwa nini njia yenyewe inapita redioni. Gazeti la karatasi halijawahi kuota mizizi sana upande huu wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Liko Les Coulisses la Nicaise Kibel'Bel Oka, lililofuatilia vita vya Beni kwa miaka mingi, lakini uchapishaji ni ghali, barabara ni mbovu, na wasomaji wa Kifaransa ni wachache kuliko wasikilizaji wa Kiswahili na Kinande. Redio ndiyo inayofika shambani, sokoni na kambini. Mlango wa redio binafsi ulianza kufunguka baada ya Mobutu kutangaza mfumo wa vyama vingi tarehe 24 Aprili 1990, na sheria ya vyombo vya habari ya Juni 1996 ikaupanua. Kisha vita vikaigawa nchi. Beni ikawa makao ya kundi la waasi la RCD-K/ML la Mbusa Nyamwisi, na katika miaka hiyo ambapo Kinshasa ilikuwa mbali kwa kila hali, wafanyabiashara, makanisa na wanasiasa walijua kwamba mwenye mnara wa redio ana sauti. Februari 2002 Radio Okapi ya Umoja wa Mataifa ikaanza kurusha matangazo, Kiswahili kikiwa mojawapo ya lugha zake tano, nayo ikawa kipimo: hivi ndivyo taarifa inavyosomwa, hivi ndivyo pande mbili zinavyopewa nafasi. Stajieri wengi wa Butembo waliisikiliza Okapi kwa makini, daftari mkononi, kabla hawajaingia studio yoyote.

Upande wa elimu, Butembo ina bahati ambayo miji mingi ya ukubwa wake haina. Université Catholique du Graben ilizaliwa mwaka 1989 chini ya Askofu Emmanuel Kataliko. Mapadre Waasumsio, waliofika nchi ya Beni mwaka 1929, nao wana Université de l'Assomption au Congo, iliyotokana na taasisi ya Emmanuel d'Alzon na inayofundisha mawasiliano ya jamii. Mwanafunzi anayetoka huko amesoma nadharia, historia ya vyombo vya habari, sheria na maadili ya kazi. Amesoma kwa Kifaransa. Kesho yake anatakiwa kumweleza kwa Kiswahili mama muuza ndizi kwa nini bei ya mafuta imepanda, na hapo ndipo anapogundua kwamba darasa lilimpa nusu tu ya kazi.

Nusu ya pili huanzia mahali wasomaji wengi wasipopafikiria: meza ya matangazo. Redio za hapa huishi kwa matangazo madogo ya kulipia. Familia fulani inawajulisha ndugu na jamaa walioko Lubero, Kasindi na Kampala kwamba baba amefariki. Kitambulisho kimepotea kati ya soko na kituo cha mabasi. Mkutano wa wazazi wa shule umesogezwa. Stajieri hukabidhiwa rundo la karatasi hizo, zilizoandikwa kwa kalamu ya haraka, nyingine kwa machozi, naye azisome hewani bila kukosea. Wengi huiona kazi hii kuwa ya kudharauliwa. Mimi naiona kuwa ndiyo shule yenyewe.

Sababu ni majina. Wanande, kabila la wengi wa hapa, humpa mtoto jina kwa kufuata zamu yake ya kuzaliwa. Mumbere, Kambale, Kasereka, Kakule kwa wavulana. Masika, Kavira kwa wasichana. Mtaa mmoja wa komini ya Kimemi unaweza kuwa na akina Kambale wasiohesabika. Ukisoma redioni kwamba Kambale amefariki, umezitia hofu nyumba nyingi na hujamjulisha mtu yeyote. Ukisema Kambale amekamatwa kwa wizi, umewavunjia heshima wasiohusika. Kwa hiyo stajieri hufundishwa, mara nyingi kwa ukali, aulize jina la pili, jina la baba, mtaa, kazi, na amrudie mwenye tangazo kabla hajatoka mlangoni. Anayezoea kufanya hivyo kwa tangazo la msiba atafanya hivyo hivyo siku atakapopewa orodha ya waliouawa Oicha au Eringeti, kaskazini mwa Beni. Hakuna mhadhara unaoweza kumjengea mtu tabia hiyo kwa kina kama mjane anayerudi redioni asubuhi kulalamika kwamba jina la mumewe limetamkwa vibaya.

Kutoka meza ya matangazo huja kazi ya kuambatana na yaya, yaani mwandishi aliyetangulia, kwenda ofisi ya meya, mahakamani, au kwa msemaji wa jeshi. Stajieri hubeba kinasa sauti, leo mara nyingi simu, hukata sauti kwenye kompyuta, hupeleka sauti hiyo kwenye makundi ya WhatsApp, na huandika habari ambayo itafutwafutwa kwa kalamu nyekundu. Mwenye bahati hupata yaya anayemweleza kwa nini amefuta. Asiye na bahati hufutiwa tu.

Kisha ikaja shule ambayo hakuna aliyeiomba. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza mlipuko wa Ebola uliokuwa umeanzia Mangina, si mbali na Beni. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamefariki. Ulikuwa mlipuko mkubwa wa pili katika historia ya ugonjwa huo, na ulitua kwenye ardhi iliyokuwa inavuja damu tangu Oktoba 2014, mauaji ya halaiki yalipoanza kuzunguka Beni. Watu walikuwa na maswali ya haki. Kwa nini dunia inakuja na magari mengi kwa ajili ya ugonjwa mpya, wakati mapanga yalipotukata haikuja hivyo? Desemba 2018 tume ya uchaguzi ilipoahirisha uchaguzi wa Beni na Butembo hadi Machi 2019, baada ya Rais mpya kuwa ameshaapishwa, wengi walihitimisha kwamba Ebola ilikuwa hila ya kuwanyima kura.

Katikati ya hasira hiyo alisimama mtu mwenye maikrofoni, na mara nyingi alikuwa kijana. Ilimbidi aeleze chanjo ni nini, kwa nini maiti haioshwi kama desturi inavyotaka, nani anafuatiliwa na kwa siku ngapi. Ilimbidi apokee simu hewani kutoka kwa msikilizaji anayesema madaktari wanauza viungo vya watu, amjibu bila kumtukana na bila kumkubalia. Mashirika kama Internews yalifanya kazi na redio za hapa kukusanya uvumi na kuutafutia majibu. Nadhani kizazi kile cha watangazaji wa Beni na Butembo kilijifunza kwa miezi michache kile ambacho wenzao wa miji tulivu hujifunza kwa muongo: kwamba uvumi una sababu yake, na kwamba anayeukanusha bila kuisikiliza sababu hiyo hupoteza wasikilizaji.

Gharama ilikuwa kubwa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya siku chache. Aprili 19, daktari Mkameruni Richard Mouzoko aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu, Butembo. Usiku wa kuamkia Novemba 3, 2019, Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya jamii ya Lwemba huko Ituri, aliuawa nyumbani kwake. Alikuwa ameendesha kipindi kuhusu Ebola. Hakuwa mtu wa shirika kubwa lenye magari ya kumhamisha. Alikuwa mtu wa redio ndogo, jirani wa wasikilizaji wake.

Katika miaka hiyo hiyo macho ya dunia yalikuwa hapa, na wageni waliokuja na kamera walihitaji wenyeji wa kuwaongoza, kuwatafsiria na kuwatambulisha. Kwa vijana kadhaa hiyo ilikuwa staji ya pili, na hii ililipa kwa dola. Habari za Beni zilisomwa duniani zikiwa na majina ya waandishi wa hapa hapa: Al-Hadji Kudra Maliro wa shirika la AP, Erikas Mwisi wa Reuters. Fiston Mahamba, aliyeandikia Reuters kutoka Kivu Kaskazini, alikuwa miongoni mwa Wakongo walioanzisha Congo Check mwaka 2018, chombo cha kuhakiki habari za uongo. Kijana wa Butembo anayeyaona majina hayo huona kwamba mlima una njia.

Lakini wangapi wanaweza kungoja hadi wafike huko? Tuongee kuhusu fedha, maana wakubwa wetu hulikwepa jambo hili. Staji hailipwi. Mwanafunzi ndiye anayelipa ada ya chuo, nauli, vocha ya simu, na mara nyingine chakula cha mchana cha kujishikiza. Baada ya ripoti kuandikwa na maksi kutolewa, wengi hubaki redioni wakiitwa wa kujitolea, wakitumaini kuwa siku moja watawekwa kwenye orodha ya mishahara. Siku hiyo inaweza kuchelewa miaka. Mtu hasomi habari kwa miaka bila kula, basi anakula wapi?

Kila Mkongo aliye kwenye kazi hii anajua jibu, na jibu linaitwa kupaji. Mwisho wa semina au mkutano na waandishi, aliyewaita hugawa bahasha, ati ya usafiri. Habari hutoka, na hutoka ikiwa tamu kwa aliyegawa. Watu hulaumu tabia ya mwandishi mmoja mmoja. Mimi nadhani tuanze kulaumu benchi la stajieri, kwa sababu hapo ndipo somo hilo linapofundishwa. Kijana anafika redioni na maadili yote aliyoyasoma chuoni, anamwona yaya wake akipokea bahasha, anapewa kipande chake kidogo, na ndiyo malipo pekee aliyowahi kuyapata kwa kazi hiyo. Nani amemfundisha kwa nguvu zaidi, mhadhiri au bahasha? Tena redio nyingi zina mwenyewe ambaye ni mwanasiasa au rafiki wa mwanasiasa. Kijana hujifunza mapema ni mheshimiwa yupi asiyeulizwa maswali, na hujifunza bila kuambiwa.

Kwa msichana mambo huongezeka. Maksi za staji ziko mikononi mwa msimamizi mmoja, mara nyingi mwanamume, na zamu ya taarifa ya jioni huisha giza limeingia katika mji wenye taa chache. Ndiyo maana nathamini sana kazi iliyofanywa Bukavu na AFEM, chama cha wanawake wa vyombo vya habari cha Kivu Kusini kilichoanzishwa mwaka 2003, Chouchou Namegabe akiwa mstari wa mbele. Walimfundisha msichana kushika kinasa sauti akiwa kati ya wanawake wenzake, kisha wakamtuma kijijini kuzirekodi sauti za wanawake ambao hakuna aliyekuwa amewauliza chochote. Karibu zaidi nasi, shirika la Global Press liliwafunza na kuwalipa waandishi wanawake waliokuwa wakiandika kutoka Kirumba, Lubero ya kusini, mji ambao Juni 2024 uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Mifano hiyo inaonyesha kwamba mafunzo yenye malipo na usimamizi yanawezekana hata hapa kwetu.

Kuna jambo moja linalonikosesha usingizi kuliko yote. Tangu Mei 6, 2021, Kivu Kaskazini na Ituri ziko chini ya utawala wa kijeshi uliopewa jina la hali ya kuzingirwa, na makosa ambayo yangeenda mbele ya hakimu wa kiraia yanaweza kwenda mbele ya mahakama ya kijeshi. Agosti 14 mwaka huo huo Joël Mumbere Musavuli, mkurugenzi wa redio ya jamii ya Babombi huko Biakato, aliuawa nyumbani kwake. Alikuwa kiongozi wa redio, mwenye jina na cheo. Sasa mfikirie stajieri anayetumwa kwenye barabara ya kwenda Oicha asubuhi baada ya shambulio, nyuma ya pikipiki, na simu yake mwenyewe. Akisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani na askari, au na kijana wa wanamgambo wa mai-mai, ataonyesha nini? Hana kadi ya UNPC, chama cha kitaifa cha wanahabari, maana hajahitimu. Hana mkataba. Ana ile barua ya chuo iliyokunjwa mara nne, ikimwombea nafasi ya kujifunza. Simu ikichukuliwa hakuna atakayemfidia, na akishikiliwa, redio inaweza kusema si mwajiriwa wetu, chuo nacho kikasema alikuwa mikononi mwa redio.

Tangu Januari 2025, Goma, makao makuu ya mkoa, ilipochukuliwa na M23, uzito umehamia kaskazini. Taasisi za mkoa zilihamia Beni pamoja na gavana wa kijeshi, na matamko ambayo zamani yalisomwa Goma sasa husomwa Beni. Waandishi kadhaa waliokimbia Goma wamejikuta katika miji hii wakitafuta kazi zile zile ambazo stajieri wa hapa wanazingojea. Sioni ubaya wao kuja. Wanakuja na uzoefu ambao redio zetu zingeweza kuutumia kuwasimamia vijana, laiti mkurugenzi mmoja angewaza hivyo badala ya kufurahia kwamba sasa ana watu wengi zaidi wa kufanya kazi bure.

Kuna wanaosema dawa ni kufunga mlango: asiye na diploma asiandike. Tanzania ilikwenda upande huo kwa Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, ambayo kanuni zake ziliwapa waandishi miaka mitano wajipatie angalau stashahada. Naelewa nia yake. Ila nikiwaangalia waliobeba redio za vijijini wakati wa Ebola, baadhi yao wakiwa hawajawahi kukanyaga chuo kikuu, siwezi kuunga mkono sheria ambayo ingewanyamazisha. Shida ya Butembo na Beni haiko kwa vijana waliojifunzia kazini. Iko kwa redio zinazopokea wanafunzi kumi bila mtu hata mmoja aliyepewa jukumu la kuwasahihisha, na kwa vyuo vinavyohesabu staji kuwa imefanyika kwa kuwa ripoti imefika ikiwa na jalada zuri.

Chuo ndicho chenye nguvu hapa, kwa sababu redio inawahitaji wanafunzi kuliko inavyokiri. Waondoe stajieri na wa kujitolea juma moja tu, uone taarifa ngapi za asubuhi zitasomwa. Kwa hiyo vitivo vya Butembo vinaweza kuketi pamoja, kabla barua za mwaka huu hazijatiwa muhuri, na kuitaka kila redio iandike mambo machache: jina la mtu atakayesoma kazi ya mwanafunzi kabla haijaenda hewani, nauli na vocha zitatoka wapi, kwamba hakuna stajieri atakayetumwa peke yake mahali palipopigwa risasi, kwamba msichana wa zamu ya jioni atasindikizwa hadi nyumbani, na nambari ya simu ya mkubwa atakayekwenda kumtetea akikamatwa. Sehemu ya ada ambayo mwanafunzi ameshailipa chuoni iende kwenye usafiri huo. Redio itakayojaza karatasi hiyo ipelekewe wanafunzi, na itakayokataa iondolewe kwenye orodha, hata kama mwenyewe ni mheshimiwa mwenye mnara mrefu kuliko wote mjini.